Jozi ya Kumi na Saba

Pale kituo cha zimamoto wametundika taa:
kijani, njano, chungwa, nyekundu.
Si ya magari. Ya mlima.
Wenyeji huitupia jicho kama mtu atazamavyo saa
huku mkono ukitafuta chenji ya mkate.
Sisi wageni tunaipiga picha.

Nilikuwa nimekwisha lipa.
Nilikuwa na sururu ya barafu, kofia ngumu,
kucha za chuma za kufunga chini ya nyayo,
na viatu vizito, jozi ya kumi na saba,
nambari imeandikwa kisiginoni kwa rangi ya kucha.
Edelmira Curiqueo alinipima mguu kwa macho,
akauliza uzito wangu, kundi la damu,
kisha, bila kuinua kalamu:
"Nani ajua kwamba uko hapa?"
Nikataja jina la dada yangu.
Sikumwambia kuwa mwaka wa pili huu hatusemezani.

Alfajiri taa ikawa ya chungwa.
Lientur, mwongozaji wetu, alisimama mlangoni na mvua begani,
akatikisa kichwa mara moja tu.
Wajerumani wawili wakadai fedha zao.
Wengine wakaenda kupanda mitumbwi ya mpira
mtoni, ambako maji nayo hayana adabu.
Mimi nikabaki dukani, viatu miguuni,
kwa kuwa ndani kulikuwa na jiko la kuni.

Mara moja wingu lilipasuka, nikauona:
mweupe, umenyamaza, uzi wa moshi kileleni
kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
Kisha wingu likafunga.

Edelmira alichemsha mbegu za pehueni,
ndefu kama kidole cha mtoto,
akanifundisha kubana upande mnene
hadi kiini kiteleze nje ya ganda.
Ladha yake? Kiazi kitamu, ila kimelelewa na msitu.

Nami nisile bure, nikamtolea ya kwetu,
kwa Kihispania changu cha kuombea maji:
milima haikutani, binadamu hukutana.

Akaacha kutafuna.
"Nani kasema?"

Akanionyesha ukutani, juu ya soketi,
mstari wa kahawia ambao hawakuupaka rangi.
Usiku ule alikuwa na miaka tisa.
Theluji iliyeyuka huko juu, ikashuka na majivu,
mawe, miti mizima na mizizi yake,
ikinguruma kama treni, na mji hauna reli.
Baba aliwapandisha juu ya mabati, mmoja mmoja,
akahesabu, akahesabu tena.
"Mlima ulikuja jikoni," alisema.
"Ulikaa wiki tatu. Tuliutoa kwa ndoo."

Na mbona hamhami?
Akaniangalia miguuni.
"Mbona wewe umekuja?"

Nyuma ya mlango, begi dogo la buluu:
hati ya kiwanja, tochi, dawa ya presha,
na viatu vya mjukuu ambavyo havimtoshi tena.
Kila mwaka asema atavibadilisha.

Jioni nikamrudishia jozi yangu.
Akaipindua, akaigonga mezani, kama afanyavyo kwa wote.
Vya wengine humwaga changarawe nyeusi.
Vyangu vikatoa ganda moja la mbegu.
Alicheka hadi akakohoa, akanitoza nusu,
akajaza gazeti ndani ya viatu vikauke,
ingawa havikulowa.

Usiku tumbo la wingu lilikuwa jekundu.
Mbwa hawakubweka. Mtu fulani alikuwa akioga,
nikasikia maji yakishuka bombani
nikakaa kitandani wima, nikisikiliza hadi yalipokoma.
Nikamwandikia dada:
*Niko chini ya mlima. Sikupanda.*
Nikafuta. Nikaandika tena vilevile.

Asubuhi, kwenye basi, tulipopita zimamoto,
taa ilikuwa kijani.
Lientur alikuwa barabarani na kundi jipya,
wanene kwa makoti, wakijaribu kutembea
na kucha za chuma juu ya lami.
Mmoja wao, nadhani, alivaa ya kumi na saba.
Nikainuka nusu.
Dereva alikwisha tia gia,
na ujumbe wangu ulikuwa bado na alama moja.