Kilomita ya Thelathini na Moja

Umelala kochini, Firmin, soksi zimejaa tope,
mdomo wazi, goti moja likichezacheza
kama lingali linakanyaga pedali.
Mvua ya Maarkedal imekufuata hadi sebuleni.
Mimi nimebaki na kazi uliyoniachia:
"Godelieve, hamisha yale mambo yaende kwa daktari."

Yale mambo yamo humu,
katika kidude kisichozidi kibiriti viwili,
chenye mkwaruzo wa siku ile ulipobwagwa na mawe ya Haaghoek.
Nimekifuta kioo kwa aproni.
Waya ni ule ule, shingo imefungwa plasta.
Nachomeka. Kimya.
Nachomoa, napuliza, nageuza upande, nachomeka tena,
na kompyuta inaguna
kama mtu aliyeamshwa kupokea wageni.

Asilimia nane. Asilimia kumi na moja.
Namenya viazi vitatu.
Asilimia arobaini, inaganda,
natoa tusi ambalo mama hakunifundisha.
Mia.

Kumbe hivi ndivyo setilaiti zinavyokuona:
uzi mwekundu juu ya ramani,
umetoka mlangoni kwetu, ukapita nyuma ya kanisa,
ukapanda, ukashuka, ukarudi mlangoni,
mshono wa fundi mwenye haraka.
Kilomita hamsini na nne.
Moyo mia na ishirini, mia na thelathini,
kwenye mpando wa Eikenberg mia na hamsini na tisa.
Mzee wa miaka sitini na nane! Tutaongea.

Lakini kilomita ya thelathini na moja
mstari wa mwendo unaanguka, unalala chali.
Sifuri. Dakika kumi na tisa za sifuri.
Nikadhani ni pancha.
Nikafungua safari ya Alhamisi: dakika kumi na nne, pale pale.
Ya Jumapili ile ya upepo: ishirini na mbili.
Na pale hapana mlima, Firmin, ni tambarare kama meza hii,
ila mstari wa pili, ule wa moyo,
unapanda peke yake.
Miguu imesimama, mapigo mia na arobaini na nane.

Nikaikuza ramani mpaka mapaa yakatokea.
Ua wa michongoma. Banda la njiwa.
Kwa Achiel.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Nimelima miaka tisa,
tangu shamba la mama yenu lipimwe kwa kamba mbele ya wakili
na jina la kaka yako liondolewe mezani pamoja na sahani yake.
Kapu la mavuno liko juu ya kabati, nadhani panya wamelizalia.

Kwa hiyo unasimama getini,
mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali, tayari kutoroka,
unahesabu njiwa wake, sijui,
unangoja pazia litikisike,
au likitikisika ndipo unaondoka.
Kidude kinajua mahali, kinajua saa,
kinajua hata baridi ilikuwa nyuzi ngapi.
Kama dirisha lilifunguliwa, hakikuandika.

Sasa programu inaniuliza, kwa adabu ya karani:
"Je, uondoe vipindi vya kusimama?"
Nikikubali, mstari utanyooka,
na daktari ataona mtu aliyepita njia yake
bila hata kugeuza shingo.

Nikabonyeza Hapana.
Imekwenda na sifuri zake zote.
Ijumaa ataweka kidole juu ya kile kilele,
aulize ni mlima upi huo.
Mimi nitakuwa kwenye kiti cha pembeni, na mkoba wangu mapajani,
nami sitakusaidia kujibu.

Haya, amka, uvue hizo soksi.
Viazi vimeshika chini ya sufuria.