Ploti ya Kumi na Tisa

Fomu imekuja na visanduku kumi na viwili.
Wanataka nimpime Otiato kwa alama, moja hadi tano:
ubunifu, bidii, ufasaha, kushika wakati.
Wakati! Otiato huyu
ambaye saa nne yake ni saa nne na robo,
anayeingia ofisini na matope ya Emuhaya hadi magotini,
akayaacha kwenye zulia nililonunua kwa mshahara wangu,
kisha aseme, "Samahani, Daktari, nilipitia shambani."

Nimempa mbili. Haki ni haki.

Ufasaha nao: sura yake ya pili niliipaka wino mwekundu
hata ikafanana na gogo la muuza nyama wa Luanda.
Akairudisha baada ya wiki mbili.
Nusu ya masahihisho aliyakubali.
Nusu aliyakataa, na pambizoni, kwa penseli,
akaeleza kwa nini, kwa herufi ndogo kama wimbi.
Mahali pawili nilikuwa nimekosea mimi.
Sioni kisanduku cha hilo.

Wengine wamepita mikononi mwangu.
Yupo aliyeitikia "naam" kila nilipokohoa;
akahitimu, na hadi leo sijui alikuwa anafikiri nini.
Yupo aliyeniletea asali ya Baringo kila muhula
na majedwali matamu kuliko asali,
tarakimu zimesimama wima kama watoto wa gwaride,
hakuna hata moja iliyougua, iliyochelewa, iliyoliwa na mbuzi.
Nilizitazama, nikanyamaza.
Asali niliila.

Otiato alikuja Jumanne,
radi ikigonga vilima vya Maragoli,
na hakuketi.
"Ploti ya kumi na tisa," akasema. "Kiduha sikukihesabu.
Mvua ya mawe ilinikuta, nikakimbia.
Usiku nikaandika arobaini na tatu.
Niliikisia kutoka ploti ya jirani."
Msimu ulikuwa umekwisha, na pesa za wafadhili pia,
na namba ile, nakuapia, hakuna jicho ambalo lingeiona.
"Nimekuja tuifute pamoja."

Nikamuuliza, maana mwalimu haachi kuuliza,
"Na ikifutwa, matokeo yako yatasimama?"
"Yatachechemea," akasema.
"Lakini kwa miguu yao."

Tukaifuta. Akapanda tena wakati wa vuli,
mahindi yale yale, udongo ule ule uliochoka,
akapiga magoti kati ya maua ya zambarau
ya gugu linyonyalo mizizi kimyakimya,
zuri juu, mwizi chini,
akihesabu moja moja, kwa sauti.
Mama Khasoa, mwenye shamba, alidhani anasali,
akamtuma mtoto apunguze redio.

Sasa niseme lisiloulizwa na fomu.
Ghorofa ya pili ya maktaba yetu hapa Maseno,
karibu na dirisha lililopasuka,
ipo tasnifu ya jalada la kijani,
jina langu kwa herufi za dhahabu.
Jedwali la sita, mstari wa tatu kutoka chini.
Siku hiyo nilikuwa na homa.
Au nasema nilikuwa na homa.
Msimamizi wangu aliupitisha, akanipa mkono; sasa ni marehemu,
na kwa miaka ishirini na minane mstari ule
umekuwa ukichanua zambarau.

Chini kabisa ya fomu wameacha nafasi:
maoni mengine, isizidi mistari mitatu.
Nimeandika, nimekata, nimeandika:

Huchelewa.
Namba zake unaweza kuziacha bila mlinzi.

Mstari wa tatu nimeuacha wazi.
Halafu nimechungulia mlangoni, nikamuuliza karani
maktaba leo inafungwa saa ngapi.