Mita Mia Mbili za Igogo

Debe la kokoto, jua hili, shilingi mia nane.
Kemia siijui. Najua jiwe linapokataa,
najua mlio wa nyundo likishakubali.
Basi walipopandisha viroba vya nyuzinyuzi za bluu
wakasema, Mama Lugata, hizi zitalala na kokoto zako
chini ya barabara ya zahanati,
nilicheka. Nikauliza kama mbuzi wanazila.

Injinia Kwilasa, kijana mwembamba, buti kubwa kuliko mguu,
akachota gao moja akanifumbulia kiganja.
Barakoa, alisema. Zimechemshwa kwa mvuke,
zikang'olewa vile viwaya vya puani, zikasagwa.
Na magauni ya wauguzi. Mwaka ule
tanuri la hospitali lilichoma mpaka likapasuka tumbo,
yaliyobaki yakafungiwa kontena zima
na ufunguo hakuna aliyeutaka.

Nikaacha kucheka.

Mwaka ule Limi, mdogo wangu, alishika zamu za usiku.
Asubuhi akishuka haingii ndani,
anasimama kwenye jabali la kuanikia dagaa,
mimi mlangoni, uji nimeuweka katikati, juu ya kigoda,
kama mtu anayetega kuku.
Anasema neno, kitambaa kinalimeza.
Nasema: sijasikia. Rudia.
Anarudia. Anachoka. Ananipungia mkono.
Macho yake ninayo mpaka leo.
Mdomo, Mungu anisamehe, unanitoka:
lile pengo lilikuwa kushoto
au kulia?

Sikumwambia Kwilasa. Nilishika karai.
Toroli tano za kokoto, kiroba kimoja cha bluu.
Upepo ukapanda kutoka ziwani ukazipeperusha
kama wale wadudu wanaoinuka majini mithili ya moshi,
watoto wakazikimbiza mpaka kwa fundi cherehani,
tukawafokea, tukazirudisha, hata ile iliyonasa nyweleni mwangu.
Rola likapita. Likarudi. Likapita.

Kila masika njia hii ilikuwa inahamia ziwani
na ndala zetu, na sufuria ya jirani mara moja.
Safari hii mvua ilipiga siku nne, njia ikakaa.
Isipokuwa kona ya bucha: pale pamebonyea,
Kwilasa anapima, anakuna kichwa, anaandika,
anasema ni maji ya chini, si nyuzi.
Labda.

Jana bajaji ilimpandisha mjamzito saa tisa usiku
bila kushuka kusukuma. Nilisikia tu injini, nikageuka ubavu.

Alfajiri nikaenda pale kona na nyundo yangu,
kabla muuza nyama hajafungua, nisionekane kichaa.
Nikagonga mara moja.
Jiwe tupu hulia juu, kavu, nalijua miaka kumi na tisa.
Hapa sauti ilitoka chini chini, nzito,
kama mtu anayesema nyuma ya kitambaa.

Nikapiga goti.
Sijasikia, nikamwambia. Rudia.