Ya Ishirini na Tatu

Foleni ya mpakani haijasogea tangu juzi.
Dulmaa anatandika gunia chini ya lori,
analala chali juu ya changarawe ya Gobi.
Bomba la grisi amelikumbatia tangu alfajiri,
maana baridi hii huigandisha kama mafuta ya kondoo.

Chuchu hizi hazinyonyeshi. Hunyonyeshwa.
Anaifuta, anabana, anasukuma:
pini za springi, viungo vya shafti, mikono ya breki,
hadi ile nyeusi itoke na mchanga wake
na mpya ichungulie, rangi ya asali.

Ya ishirini na tatu imekataa.

Gantomor wa lori la nyuma anainama:
“Iache hiyo. Moja tu.”

Moja tu ndiyo iliyomnyima kakake usukani
penye kona, na makaa tani tisini mgongoni.

Hajibu. Anaifungua,
anaizibua kwa sindano ya kushonea hema,
anairudisha.
Mama yake humbembeleza ngamia aliyemkataa mwanawe
mchana kutwa, bila kumpiga.

Krii.
Kisha inameza.

Huko mbele injini zimeanza kuwaka, honi zinamwita.
Imebaki moja.
Wangoje.