Kabichi ya Wiki Tatu

Njombe, Julai. Sakitu imelala juu ya matuta ya viazi,
nami napekua daftari langu la madoa ya mafuta:
Hungaria, Polandi,
na Italia, kurasa mbili zilizogandamana kwa asali.

Jumapili ile nilisonga polenta.
Nusu saa nakoroga, mkono ukafa ganzi;
nikatia siagi, nikatia jibini ya masista.
Mama mkwe akamega, akatafuna, akanyamaza.
Kisha: "Mwanangu, kumbe Wataliano nao
hawajui kuivisha ugali?"
Tulicheka hadi paka akahama jikoni.

Supu nyekundu ya bitiruti, Fanueli aliikimbia.
Alidhani tumechinja bila kumwita.

Lakini kabichi hii!
Nimeikata nyembamba kama uzi,
nimeikanda kwa chumvi mpaka ikatoa machozi,
nimeishindilia ndooni, juu yake jiwe la Ruhuji.
Wajerumani huisubiri wiki tatu.
Usiku ikawa inachemka yenyewe gizani, bu, bu,
Erasto akanigusa bega:
"Umeficha ulanzi, hata mimi hukuniambia?"

Leo nimefunua.
Jirani Mlowe kafunga dirisha lake.
Mama mkwe kachota kwa vidole, kafumba macho.
"Hii naijua," akasema. "Marehemu mama
alivundika mboga hivihivi, mwaka wa njaa."

Hakuongeza neno.
Alivuta sahani karibu, akaomba ugali,
ule wetu,
ulioiva.