Kikombe Kimoja kwa Thelathini

Alhamisi Halua hakugusa maziwa.
Tukasema ni joto. Ibra mwezi wa sita
hata kuku huacha punje akatweta.
Ijumaa alfajiri akatapika povu la njano,
na adhuhuri ikaja ile harufu,
damu, na kutu, na kitu kitamu kilichooza;
ukishaijua mara moja
huhitaji daktari kukutajia jina.

Mimi sikuijua. Nilimnywesha maji ya mchele.
Nikamwambia Yaarub: atalala, ataamka.
Naliandika hili lisinikae kifuani:
siku moja na nusu ilipotea katika maji yangu ya mchele.

Kwenda Maskat ni karibu saa mbili.
Watoto wa mbwa wawili ndani ya katoni ya maji ya chupa,
Yaarub kiti cha nyuma, akiwasomea vibao vya barabara
kana kwamba wameuliza Bidbid iko wapi.

Daktari Sujata alichovya kijiti,
akadondosha matone kwenye kibao cheupe.
Mistari miwili.
Niliwahi kucheka kwa mistari miwili,
miaka kumi na mitatu nyuma, chooni, peke yangu.
Hii haikuwa ile.

Parvo, akasema. Kirusi hiki hakina dawa.
Kinatafuna ngozi ya ndani ya utumbo,
kisha kinaingia kwenye uboho, wanakozaliwa askari wa damu,
kinawaua kabla hawajavaa viatu.
Sisi tunatia maji mshipani, tone kwa tone,
sindano ya kutuliza matapishi,
nyingine ya kuwazuia bakteria kupita ukuta uliobomoka.
Kazi iliyobaki ni ya mbwa mwenyewe.

Wamechanjwa?
Nikatazama viatu vyangu.
Walitoka shambani kwa Shafiqul, anayemwagilia mitende;
mama yao aligongwa na pikapu. Chanjo ya wapi.

Halua alikufa Jumapili usiku,
dripu bado ikidondoka.
Kashata, mdogo wake, mwenye sikio lililotafunwa,
Jumanne akajilamba pua.
Basi. Pua tu. Daktari akanipigia simu kwa hilo.

Mama mkwe wangu, Bi Thuraya,
miaka hamsini Ibra na Kiswahili chake bado kinatoka Wete,
alinikuta uani na ndoo.
"Alipolamba mbwa huoshwa mara saba,
moja kwa udongo. Unahangaika nini?"

Udongo ndiko kilikolala, mama.
Mwaka mzima, pengine zaidi.
Jua litakiua pale linapofika,
lakini chini ya tangi, kwenye kivuli, kitangoja.

Alinyamaza mpaka nikadhani amekasirika.
"Kumbe," akasema, "na udongo nao una wa kuuosha."

Akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akaitisha finjani
(ile yenye ufa, si ya wageni),
na jiki, na pipa.
Kikombe kimoja cha jiki, thelathini vya maji:
mimi nachota, yeye anahesabu kwa tasbihi.
Zikafika thelathini, akabana uzi kwa dole gumba.
Punje tatu zikabaki zikining'inia.

Tukaosha sakafu ya saruji, bakuli, soli za makubazi,
tukaacha dakika kumi kabla ya kusuuza, kama tulivyoagizwa.
Mchanga tuliuachia jua.
Katoni tukaichoma.
Mbwa mwingine mchanga asikanyage hapa mwaka huu.

Jioni Yaarub alikwenda shambani, kandambili zikinuka jiki,
kumweleza Shafiqul habari za wale watatu waliobaki kwa jirani yake:
wakitimiza wiki sita wachanjwe, kisha tena, na tena,
mpaka miezi minne ipite. Fedha atatoa ya Idi.

Kashata alirudi amekonda kama hanga ya nguo.
Bi Thuraya akavuta kanga yake juu ya miguu.
"Asinikaribie," akasema.
Halafu, bila kunitazama:
"Ule mchuzi wa kuku, usitie chumvi."