Tuliwachora Bila Vivuli

Kusema kweli, ilianza kwa uvivu.
Kivuli kina kazi: mkono ukisogea
nacho kisogee, kirefuke jioni, kijikunje adhuhuri,
picha kumi na mbili kwa kila sekunde,
na sisi tulikuwa watu watatu, kompyuta mbili,
chumba kimoja Michenzani, jumba namba saba,
ghorofa ya nne, maji hupanda Jumanne.
Khelef akasema, "Tuwanyime vivuli."
"Na mtazamaji akiuliza vimekwenda wapi?"
Akafikiri, huku anamenya chungwa.
"Vimechukuliwa."

Ndipo filamu ikapata hadithi.

Mji ni huu huu, miaka sitini mbele.
Miti imekwisha. Kivuli kimekuwa bidhaa.
Kila alfajiri raia hupanga foleni kwa sheha,
barua mkononi, kitambulisho shingoni,
avue kivuli chake kama avuavyo viatu msikitini,
karani akikunje, akigonge mhuri, akitupie guniani.
Magunia huenda pwani ya mashariki.
Huko hushonwa miavuli,
na wageni hulala chini yake wakisema
kivuli cha hapa kina ubaridi wa peke yake.
Hawajui wamejifunika bega la muuza urojo.

Magharibi hurudishwa. Si lazima upate chako;
unapewa kilichopo.
Mwalimu mrefu huondoka na kivuli cha mtoto.
Mjane mmoja alikwenda nyumbani na cha mwanamume asiyemjua,
akaona haya kuvua kanga mbele ya taa.

Wakaguzi wakatuandikia: watu wazima tu.
Si kwa damu, haimo.
Si kwa utupu, yule mjane hakuvua kitu.
Walisema mtoto akiiona ataanza kuuliza.

Shujaa ni Mize, mfua mashuka ya hoteli.
(Siwema alimpa sauti, akirekodi ndani ya kabati la nguo
ili adhana na pikipiki visiingie.
Vikaingia. Tukaviacha.)
Siku moja analetewa mwavuli uliochanika, autie kiraka.
Anaukunjua, na kitambaa kinamtazama:
kivuli cha mamake, aliyezikwa miaka mitatu nyuma.
Kaburini ulishuka mwili peke yake;
ofisi ilikuwa imefunga, ilikuwa Ijumaa.
Amekijua kwa bega la kushoto, lililolala
kwa ndoo, tangu mfereji wa chini ulipokauka.

Hapigi kelele. Hakusanyi umma.
Anafumua mshono kwa meno, uzi baada ya uzi,
anakifunga ndani ya kanga, anashika njia ya lango.
Saa tisa, jua likiwa mgongoni,
wakati hakuna raia mwenye kivuli,
kinamponyoka kiunoni, kinamtangulia mchangani.
Mlinzi anatazama chini.

Hapo filamu inakatika.
Fedha ziliishia hapo.
Mwandishi mmoja wa gazeti akausifu ujasiri wa kutomaliza,
na Khelef akacheka hadi akapaliwa.

Usiku wa kuionyesha, katika ukumbi wa skuli,
mama yangu alikaa safu ya pili, mkoba magotini.
Njiani alisema maneno matatu tu:
"Katuni gani hii?"
Tulipofika jumba namba saba umeme haukuwepo.
Nikawasha tochi ya simu, nikabaki nyuma
ili aone vidato.
Ghorofa ya pili akasimama, anahema.
"Lile bega," akasema bila kugeuka,
"mmelipata wapi?"

Sikujibu. Ukutani, mbele yetu,
lilikuwa limelala vile vile,
limeshaanza kupanda kabla yake,
na tochi mkononi mwangu haikutulia.